Namna kampuni kubwa ya rejareja inavyosimamia mikopo ya muda mrefu na overdrafti

Kabla kampuni yenye maduka Mbeya, Makambako, Iringa na Tunduma haijaenda benki kuomba fedha zaidi, ofisi yake ya fedha inapaswa kufungua daftari moja la madeni ambamo kila mkopo una mstari wake. Katika mstari huo huandikwa jina la benki, kiasi kilichoidhinishwa, kiasi kilichokwisha kuchukuliwa, salio, kiwango cha riba na kama riba hiyo ni ya kudumu au hubadilika, tarehe za marejesho, mali iliyowekwa dhamana, na masharti ambayo kampuni iliahidi kuyatimiza. Safu ya mwisho, ambayo wengi huisahau, ni ya tarehe ambayo idhini ya mkopo inakwisha na kuhitaji kuhuishwa, kwa kuwa overdrafti nyingi, yaani ruhusa ya kuchota kwenye akaunti zaidi ya fedha zilizomo hadi kiwango kiitwacho limiti, hutolewa kwa miezi 12 tu na benki hailazimiki kuiongeza. Nimewahi kuikuta safu hiyo tupu katika kampuni yenye mauzo ya mabilioni. Mhasibu aligundua Ijumaa jioni kwamba limiti ilikwisha tangu Jumatano, na malipo ya wasambazaji watatu yalikuwa yameshaahidiwa kwa Jumatatu.

Daftari likikamilika, kila mkopo uulizwe swali moja: fedha hizi zilinunua nini? Jengo, bohari, majokofu, malori na rafu ni vitu vya kutumika miaka mingi, na havirudishi fedha iliyovinunua kwa msimu mmoja. Sukari, unga, sabuni na mafuta ya kupikia hurudisha fedha zake ndani ya wiki chache. Kwa hiyo vile vya kwanza vigharimiwe kwa mkopo wa muda mrefu au kwa mtaji wa wenye kampuni, na mzigo wa dukani ugharimiwe kwa overdrafti na kwa siku za malipo zinazotolewa na wasambazaji.

Tuchukue mfano wa duka jipya Uyole lenye bohari nyuma yake, ambalo limehitaji mkopo wa shilingi bilioni 4 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, salio likipungua kila mwezi. Ukilipwa kwa miaka 7, rejesho ni takriban shilingi milioni 77 kwa mwezi, na katika mwezi wa kwanza milioni 50 kati ya hizo ni riba tupu. Ukilipwa kwa miaka 3, rejesho linapanda hadi karibu milioni 139. Riba yote kwa jumla itakuwa ndogo zaidi kwa miaka 3, na wakurugenzi wengi huvutiwa na hesabu hiyo, lakini duka changa lisilo na wateja wa kutosha haliwezi kutoa milioni 139 kila mwezi. Tofauti ya milioni 62 itachotwa kwenye overdrafti, nayo overdrafti ikishajengea ukuta haitabaki na nafasi ya kununulia mzigo.

Afrika Mashariki tumeliona jambo hili kwa ukubwa wake. Nakumatt, kampuni ya supamaketi ya Kenya iliyonunua maduka ya Shoprite hapa Tanzania mwaka 2014, ilitanuka kwa kutegemea sana fedha za muda mfupi na madeni ya wasambazaji. Wasambazaji walipochelewa kulipwa walipunguza mzigo, rafu zikabaki tupu, na rafu tupu haziuzi. Kampuni iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, na mwaka 2020 wadai wakapiga kura ya kuifunga.

Hatua inayofuata ni kupanga marejesho kwa kufuata kalenda ya mauzo, na hapa Nyanda za Juu Kusini kalenda hiyo ina sura yake. Mpunga wa Kyela na Mbarali na mahindi ya Mbozi huingiza fedha mitaani kuanzia katikati ya mwaka, kahawa huja baadaye, na Desemba huwa na mauzo yake ya sikukuu. Januari fedha huenda kwenye ada na sare za shule. Februari na Machi fedha za mkulima ziko shambani ndani ya mbolea, naye hununua chumvi, kiberiti na sukari ya robo kilo. Benki ikipewa jedwali la mauzo ya miaka mitatu, mwezi kwa mwezi na duka kwa duka, mara nyingi hukubali marejesho makubwa kati ya Juni na Desemba na madogo katika miezi mingine, au kipindi cha kulipa riba pekee wakati jengo linapokamilishwa. Jambo hili huombwa kabla ya kutia saini. Ukiliomba Machi, rejesho likiwa limeshachelewa, benki italisikia kama kilio cha mdaiwa aliyeshindwa.

Overdrafti nayo ina kipimo chake, na mimi hukiamini kuliko ripoti nyingi ndefu. Angalau mara moja kwa mwaka, kwa siku kadhaa mfululizo, akaunti hiyo inapaswa kurudi sifuri au kuwa na salio chanya. Benki nyingine huweka sharti hilo kwenye barua ya mkopo. Chora mstari wa salio la kila siku kwa miezi 12. Ukiona unapanda na kushuka kama Mlima Kitonga, overdrafti inafanya kazi yake. Ukiona umelala chini mwaka mzima karibu na limiti, ujue ndani yake kuna deni la muda mrefu lililojificha, na ni heri kuiomba benki iligeuze sehemu hiyo kuwa mkopo wa miaka mitatu au minne.

Kampuni kubwa pia hutofautisha limiti ambayo benki imeahidi kimkataba kuitoa na ile ambayo benki inaweza kuiondoa wakati wowote. Ya kwanza hutozwa ada hata isipotumika, na bodi hulalamikia ada hiyo kila mwaka. Binafsi naiona kama bima. Walmart ya Marekani, pamoja na ukubwa wake, hutunza mikataba ya namna hiyo na benki kadhaa ili kuzitegemeza hati zake za deni la muda mfupi. Kwetu malori mawili ya mzigo kukwama barabarani siku nne wakati wa mvua kunatosha kumfundisha mtu thamani ya limiti isiyoguswa.

Sehemu inayohitaji umakini kuliko zote ni masharti ya mkopo, kwa maana kampuni inaweza kulipa kila rejesho kwa wakati na bado ikahesabiwa kuwa imevunja mkataba. Sharti la kawaida ni kwamba fedha zinazozalishwa na biashara kwa mwaka ziwe angalau mara 1.25 ya marejesho ya mwaka huo. Kwa mkopo wetu wa Uyole, marejesho ya mwaka ni takriban milioni 926. Kama kampuni haina mkopo mwingine na inazalisha bilioni 1.3, uwiano ni 1.40, na kila mtu analala usingizi. Fedha hizo zikishuka hadi bilioni 1.1, uwiano unakuwa 1.19 na sharti limevunjwa, ingawa hakuna rejesho lililokosekana. Kushuka kwa asilimia 11 tu kunatosha kuifikisha kampuni kwenye mpaka, na msimu mmoja wa bei mbaya ya mahindi unaweza kufanya hivyo. Kwa sababu hiyo uwiano huu ukokotolewe kila mwezi kwa takwimu za miezi 12 iliyopita na makadirio ya miezi 12 ijayo, na bodi ijiwekee kengele yake yenyewe, tuseme 1.35, ambayo ikilia, ufunguzi wa duka jipya unasimama.

Kengele ikilia, meneja wa benki anayehudumia akaunti yako aambiwe mapema, kwa barua, pamoja na maelezo ya kilichotokea na mpango wa kurekebisha. Wapo wanaodhani kunyamaza kunanunua muda, wakati hesabu zilizokaguliwa zitapelekwa benki hata hivyo. Kumbuka pia kwamba tangu Januari 2019, viwango vya kimataifa vya uhasibu vinataka mikataba mingi ya kupanga majengo ionekane kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, kama deni. Kampuni inayopanga majengo mengi ihakikishe mkataba wa mkopo unasema wazi kama madeni hayo ya pango yanahesabiwa ndani ya uwiano au nje yake.

Kuhusu dhamana, usikubali kirahisi mali zote za kampuni zifungwe na benki moja kwa mkopo mmoja. Jengo la Iringa likidhamini mkopo wa Iringa, hati ya Mbeya inabaki huru kwa siku nyingine. Dhamana ya kampuni husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni, ndani ya siku 42, na ingawa benki ndiyo yenye hofu ya kupoteza haki yake, kampuni ifuatilie usajili huo yenyewe. Mkurugenzi akitoa nyumba anayoishi na familia yake, ridhaa ya mwenzi wake inahitajika kisheria.

Riba inayobadilika ipimwe kabla haijabadilika. Benki Kuu ilianza kutumia riba yake elekezi Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili mwaka huohuo, kisha ikashuka hadi 5.75 Julai 2025. Riba ya benki yako haifuati hatua hizo moja kwa moja, lakini kwenye mkopo wa bilioni 4, kupanda kutoka asilimia 15 hadi 17 kunaongeza takriban milioni 4.5 kwa kila rejesho. Mkopo wa dola huonekana nafuu kwa riba, ila duka linaloingiza shilingi halina namna rahisi ya kujikinga dola ikipanda. Mwaka 2024 dola ilizidi shilingi 2,600 kabla ya kushuka tena mwishoni mwa mwaka. Atakayenufaika nao ni yule mwenye mapato halisi ya dola.

Hati fungani, yaani kukopa kwa kuwauzia wawekezaji hati za deni, kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam ni njia nyingine, ila gharama za maandalizi na ukaguzi hufanya isifae kwa kiasi kidogo. Njia yoyote itakayotumika, mazungumzo ya kubadilisha mkopo mkubwa unaokaribia ukomo yaanze miezi 12 hadi 18 kabla, kampuni ikiwa bado na uwezo wa kukataa masharti. Tena tarehe za mwisho za mikopo miwili mikubwa zisiangukie mwaka mmoja.

Mkopo ukishalipwa wote, mhasibu aandike barua siku hiyohiyo kuomba hati irudishwe na dhamana ifutwe BRELA na kwa Msajili wa Hati. Mstari wa mkopo huo usikatwe kwenye daftari mpaka hati iwe imeingia kwenye kabati la kampuni.