Shafti ya mbele: kuipima, kuing'oa na kuirudisha ukiwa nyumbani

Shafti ya mbele ni ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi gurudumu la mbele. Kabla hujagusa jeki, peleka gari mahali penye nafasi, shusha vioo vyote, kata usukani hadi mwisho na uzunguke taratibu huku ukikanyaga mafuta kidogo. Zunguka kushoto, zunguka kulia, kisha rudia kwa rivasi. Ukisikia ka-ka-ka-ka inayokazana ukikanyaga mafuta na kufifia ukiachia, hiyo ni sivi jointi ya nje, yaani kiungo kinachopindika cha shafti, ile ya upande wa gurudumu. Mara nyingi inayolia ni ya upande wa nje wa kona: ukikata kushoto, ishuku ya kulia. Nimesema mara nyingi. Ukiwa ndani ya gari sauti hupita kwenye bodi ikakudanganya, kwa hiyo mimi humwomba mtu asimame pembeni, mbali kidogo, asikilize yeye.

Mengine nayataja upesi, maana shafti husingiziwa sana. Gari likitetema ukiongeza mwendo na kutulia ukiachia mafuta, tazama jointi ya ndani, upande wa gia boksi. Mvumo unaopanda na mwendo bila kujali umekanyaga au umeachia ni wa beringi ya gurudumu, na hata ukifunga shafti mpya utaendelea kuusikia. Kugongagonga kwenye mashimo ni bolijointi (kiungo cha gololi cha chini ya gurudumu) au linki za stebilaiza (fimbo fupi za kuzuia gari kuyumba). "Du!" moja ukitoa gia ya mbele kwenda rivasi, anza na maunti za injini, yaani viegemeo vinavyoishika.

Sasa inama uchungulie nyuma ya gurudumu. Buti, ule mfuko wa mpira unaofunika jointi, ikichanika, grisi hurushwa na kuchora mstari mweusi kwenye rimu kwa ndani na kwenye kila kilicho karibu. Buti iliyochanika bila mlio wowote haimaanishi shafti imekufa. Chukua ile grisi kidogo, uisugue kati ya vidole viwili. Ikiwa laini, una bahati: safisha jointi yote, weka grisi yake maalumu ya sivi jointi, funga buti mpya. Ikikwaruza kama ina mchanga, ifungue uzitazame gololi na mifereji zinamopita. Mstari unaong'aa si tatizo. Shimo linalokwamisha ukucha ndilo linaloua jointi, na hapo grisi haisaidii kitu.

Ukishaamua kung'oa, legeza nati kubwa ya habu (kitovu kinachobeba gurudumu) gurudumu likiwa bado chini na hendibreki imevutwa. Nati hii huwa imekazwa vibaya sana. Kwenye magari mengi madogo ni kati ya nyutonimita 180 na 300 hivi, na soketi yake huwa ya 30, 32 au 36. Itazame kwanza: kama ina pini, ichomoe, kama mdomo wake umegongwa kuingia kwenye mfereji wa shafti, uinue kwa patasi nyembamba, la sivyo utaharibu hesi. Kisha mpini mrefu, mwendo wa taratibu, bila kurukia. Ikilegea, inua gari na uliweke juu ya stendi. Nasisitiza stendi. Jeki ni ya kuinulia tu, na kazi hii ina kuvuta na kupiga nyundo kwingi.

Watu wengi hukwamia kwenye habu, kwa sababu meno ya shafti yameshikwa na kutu. Rudisha nati mpaka isawazike na ncha ya shafti, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, yaache yafanye kazi yake, kisha gonga kwa nyundo ya shaba au uweke kipande cha mbao katikati. Ukipiga chuma kwa chuma, ncha itatanuka kama uyoga na haitapita tena. Isipotikisika, tumia pula ya habu, kifaa cha kuisukuma shafti itoke. Usizidishe nguvu ya nyundo, kwani beringi ndiyo inayopokea kila pigo.

Ili upate nafasi, fungua bolijointi ya chini na tairodi endi (kiungo cha mwisho wa fimbo ya usukani), kisha sogeza habu nje. Hakikisha kabla ya hapo kwamba waya wa sensa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu kukwama ukifunga breki) na hozi ya breki havivutwi.

Upande wa gia boksi ndio unaotaka utulivu. Weka beseni chini, kwa sababu oili itatoka. Shafti imeshikwa ndani na klipu ndogo ya duara, na kosa la kawaida hapa ni kushika shafti katikati na kuivuta kwa nguvu zote. Klipu haiachii. Kinachoachia ni jointi ya ndani: inafunguka ndani ya buti yake, roli zinatoka mahali pake, na unabaki na nusu ya shafti mkononi na kikombe, yaani ganda la jointi hiyo, bado kiko kwenye gia boksi. Usivute. Ingiza mtaimbo mdogo kati ya kikombe cha jointi na bodi ya gia boksi, ukiegemea sehemu nene ya chuma, mbali na mdomo wa sili (pete ya mpira inayozuia oili kutoka), kisha upige mtaimbo kofi moja fupi la ghafla. Ikikataa, zungusha shafti nusu duara ujaribu tena. Klipu ikibadili mkao mara nyingi huachia. Ikitoka, ishike kwa mikono miwili, usiiache ining'inie kwa jointi moja. Na usitoe shafti zote mbili kwa pamoja bila kusoma kitabu cha gari lako, kwani kwenye baadhi ya gia boksi gia za difu, zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, huhama mahali pake.

Kabla ya kufunga mpya, zilaze mbili sambamba. Pima urefu, hesabu meno ya ncha zote mbili, tazama kama ya zamani ina ringi ya ABS, ile inayosomwa na sensa, na mpya nayo inayo. Dakika hizi chache ni bora kuliko kufungua upya.

Pitisha kidole kwenye mdomo wa sili; ukiwa umekatika au umekauka, ibadilishe sasa hivi. Ipake oili kidogo, elekeza uwazi wa klipu chini, ingiza shafti ikiwa imenyooka ili meno yasikwaruze sili, kisha isukume kwa nguvu mpaka usikie na kuhisi "tak". Vuta kikombe chenyewe kwa mkono, si shafti. Kisipotoka, klipu imekaa.

Rudisha ncha ya nje kwenye habu, funga tena bolijointi na tairodi endi. Funga nati mpya ya habu, ikaze kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu, na usiliache gari likanyage chini kwa uzito wake kabla ya kuifunga, hata kulisukuma kidogo. Beringi nyingi hutegemea nati hiyo kushikana na zinaweza kufunguka. Kisha ongeza oili ya gia boksi ya aina yake hadi kiwango chake.

Kama bado kuna mkwaruzo ukiendesha, tazama bati la vumbi nyuma ya diski, hupindika kirahisi ukifanya kazi hapo na kugusa diski. Taa ya ABS ikiwaka, anza na plagi ya sensa kabla hujashuku shafti. Mtetemo mpya ambao haukuwepo unakurudisha kwenye klipu na kwenye urefu wa shafti. Baada ya mzunguko mfupi, lala chini na tochi uangalie pale shafti inapoingia gia boksi. Pakiwa na tone, lipanguse, endesha tena, uangalie tena. Likirudi, sili imeumia na shafti inatoka upya.