Keki ya matunda ya Krismasi kwa sisi wa nyanda za juu kusini: kuoka, kununua na kumpa mtu

Kila mwaka ikifika tarehe 22, 23 Desemba watu ndo wanaanza kuulizana keki ya matunda inapikwaje, na jibu langu huwa lile lile, umechelewa, mwaka huu oka keki ya kawaida ya maziwa na hii ipange mwakani. Sio roho mbaya jamani. Keki ya matunda siku inayotoka jikoni bado haijawa keki, ukiikata inamegeka hovyo, viungo vinasikika kivyake, zabibu kivyake, sukari ya kuunguza nayo uchungu uko juu juu, inataka ikae imefungwa wiki tatu nne ndo vyote vishikane. Waingereza ambao ndo wenye mambo haya pudini zao za Krismasi wanazichanganya Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, zile wiki nne za kuisubiri Krismasi, na huku kwetu kuanzia Rungwe mpaka Iringa kwa makanisa yalivyojaa hakuna wa kusema hajui Majilio yanaanza lini. Ukisikia yametangazwa, nenda sokoni kesho yake.

Sokoni sasa. Soko la Mwanjelwa pale Mbeya zabibu kavu za kupima zipo, chukua nusu kilo, ila usizimwage kwenye bakuli kama zilivyo, zipekue kwa mkono kwanza maana vijiti na vijiwe havikosekani, halafu zioshe kwa maji ya uvuguvugu na uzianike juu ya kitambaa zikauke kabisa. Tende robo kilo, toa kokwa, kata vipande vidogo. Halafu tafuta robo nyingine ya matunda makavu mchanganyiko, nanasi kavu au embe kavu ukipata ni tamu kuliko zile punje za papai za rangi rangi nyekundu na kijani, mi zile naweka kidogo tu kwa ajili ya watoto maana wao wanakula kwa macho. Korosho konzi mbili, zikaange kidogo bila mafuta. Kwangua maganda ya machungwa mawili na limao moja, ile rangi ya juu tu, ukifika kwenye weupe acha, weupe ni mchungu.

Nani anapinga karanga? Mimi. Zinafanya keki inukie kashata.

Kuloweka ndo penye kazi yenyewe. Matunda yote (korosho hapana, hizo zinasubiri) weka kwenye chombo cha kioo au plastiki chenye mfuniko, mimina brandi au ramu kama glasi moja, funika, kila siku geuza kwa mwiko mkavu. Wiki moja inatosha, mbili ni nzuri zaidi. Dompo, ile divai tamu ya Dodoma, inafaa sana na bei yake haiumizi, keki inatoka na utamu fulani wa zabibu juu ya zabibu. Konyagi inawezekana ila inaleta ukali bila ladha. Ulanzi, pombe ya mianzi, hapana, najua watu wa Iringa na Njombe mtaniuliza, pombe yake ni ndogo na inazidi kuchacha kila siku, matunda yatakuharibikia. Kwa asiyetumia pombe, na huku walokole na Waislamu ni majirani zetu wote, chemsha chai kavu nzito ya Tukuyu na juisi ya machungwa nusu kwa nusu, mimina ikiwa ya moto, ila hiyo ni ya kulala usiku mmoja tu na kesho yake unaoka, usiiache wiki maana itachacha.

Kabla hujaoka kuna jambo la huku milimani ambalo mapishi ya kwenye simu hayakwambii. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, hewa ni nyepesi, kwahiyo keki inaumuka haraka kabla unga haujashika halafu inabonyea katikati, na maji yake yanapotea haraka pia. Ndo maana unachukua vipimo vya mtu wa Dar unavifuata neno kwa neno unapata kitu kina shimo katikati kama chano. Dawa yake ni kupunguza beking pauda na kuongeza unyevu kidogo, basi. Bahati nzuri keki ya matunda yenyewe haitaki kuumuka sana, nusu kijiko cha chai cha beking pauda inatosha kabisa, na kama uko Makete au Njombe juu zaidi unaweza kuweka robo.

Anza na sukari ya kuunguza. Vijiko vinne vya mezani vya sukari kwenye sufuria kavu, moto wa kati, iyeyuke mpaka iwe rangi ya kahawa na ianze kutoa moshi kidogo, hapo epua, sogea nyuma, mimina maji ya moto nusu kikombe polepole, itaruka na kupiga kelele ndo maana nakwambia sogea nyuma na watoto wawe nje. Rudisha motoni iyeyuke tena, acha ipoe. Hii ndo inatoa ule weusi, sio kakao, japo ukitia kijiko kimoja cha kakao ya Kyela sitakusema.

Siagi robo kilo (majarini inakubali pia, ila kama hela ipo weka siagi, kwa keki ya kukaa mwezi tofauti utaiona) piga na sukari ya brauni robo kilo mpaka ilainike na kuwa nyeupe nyeupe. Mayai manne ya kisasa, ya kienyeji weka matano maana ni madogo, moja moja huku unapiga. Unga wa ngano robo kilo na nusu kikombe juu yake, chekecha na beking pauda, chumvi kidogo, mdalasini kijiko cha chai, kungumanga ya kukwangua nusu, iliki na karafuu za kusaga kidogo kidogo, karafuu hasa uwe na adabu nayo maana ikizidi keki inanuka dawa ya meno. Tangawizi mbichi ya kukwangua kijiko kimoja. Tia unga kwenye siagi kwa mafungu, geuza na mwiko sio mashine, tia ile sukari ya kuunguza iliyopoa, halafu matunda. Matunda yachuje kama yana maji mengi na uyapakaze unga kidogo pamoja na korosho yasizame chini. Rojo iwe nzito, mwiko ukiunyanyua ianguke kwa kubanduka sio kwa kumiminika, ikikataa kabisa kuanguka ongeza vijiko viwili vitatu vya ile brandi au juisi.

Chombo cha kuokea kipake mafuta na ukiwekee karatasi ndani mara mbili, chini na pembeni, karatasi izidi mdomo wa chombo. Usiruke hii kwa uvivu, keki hii inakaa motoni masaa.

Wenye oveni mambo ni mepesi, nyuzi 150 saa la kwanza halafu shusha 140 masaa mawili hivi, ikianza kuwa nyeusi juu funika kwa foili. Sisi wa mkaa ndo tuna utaalamu. Chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga mkavu chini unene wa vidole viwili, funika, uupashe moto robo saa, halafu ndo uingize chombo cha keki juu ya mchanga, kisiguse pembeni. Mkaa wa chini uwe kidogo sana na umeshashika majivu, wa juu ya mfuniko uwe mwingi kuliko wa chini, na wote uwe umewaka wekundu usiwe na moto wa ndimi. Kila baada ya nusu saa angalia mkaa sio keki, ongeza kaa mbili tatu za juu, chini gusa kwa nadra. Kosa kubwa la jiko la mkaa ni haraka, mtu anaona saa limepita haijaiva anakoleza chini, dakika kumi chini pameungua na katikati bado uji. Halafu Desemba mvua zinanyesha na kibaridi kipo, usiingize jiko chumbani ukafunga madirisha eti unaoka huku unaota moto, hewa ya mkaa inaua na haina harufu.

Kujua imeiva usitegemee kijiti peke yake, kijiti kikichoma zabibu kitatoka na utomvu utadhani mbichi. Inamisha sikio karibu na keki usikilize. Keki ya matunda mbichi ndani inaimba, unasikia kama mafuta yanachemka kwa mbali, tsss tsss vidogo vidogo, hayo ni maji bado yanatoka. Zile sauti zikififia zikabaki moja moja, epua. Ikinyamaza kabisa imeshaanza kukauka. Iache ipoe ndani ya chombo chake mpaka kesho, usiitoe ya moto.

Ikishapoa itoboe toboe juu na kijiti cha kuchokolea meno, mwagia vijiko viwili vya brandi au dompo, zungushia karatasi, juu yake foili, weka kwenye kopo au ndoo yenye mfuniko sehemu ya baridi. Kila wiki inyweshe vijiko viwili, sio kikombe, ukizidisha inakuwa tope. Ya pombe ikifungwa vizuri inafika Pasaka bila wasiwasi. Na ukiona naongeza chumvi, mwaka 2017 watafiti wa New Zealand walikuta huko Antaktika keki ya matunda ya Huntley & Palmers ya Uingereza kwenye kopo lake la bati, imekaa miaka kama 106 na bado kwa macho na harufu inakaribia kulika. Baridi ilisaidia bila shaka. Ile ya juisi na chai haina nguvu hiyo, oka wiki moja au mbili tu kabla ya sikukuu, na kama unaipeleka Kyela kwenye joto la ziwani iweke friji.

Kununua. Hakuna dhambi, sio kila mtu ana mwezi wa kusubiri. Ila toa oda mapema, wanaooka majumbani wenye kutangaza kwenye status za WhatsApp wakifika katikati ya Desemba wamejaa na ukimlazimisha atakuokea kwa pupa. Muulize kaioka lini, kaloweka matunda kwenye nini na kwa muda gani, anayejua kazi atakujibu kwa furaha na maelezo mengi mpaka uchoke, anayebabaika anakuuzia keki ya kawaida iliyotiwa rangi na zabibu za kuhesabu. Inyanyue mkononi, keki ya matunda ya kweli ukubwa mdogo uzito mkubwa. Na aising nyeupe nene juu mi naitilia shaka, mara nyingi inaficha mpasuko au ukavu, omba uonyeshwe kipande kilichokatwa.

Kwenye zawadi, ndogo ndogo nyingi zinashinda moja kubwa. Rojo hilo hilo gawa kwenye makopo ya bati ya maziwa ya unga yaliyooshwa, yanaiva kwa saa moja na nusu hivi, na unakuwa umemaliza jirani, mwalimu wa watoto, mama wa kwaya na shemeji. Kubwa mpelekee mama mkwe, na usiipeleke mikono mitupu pembeni, kilo ya sukari na majani ya chai viende nayo, keki peke yake kwa wazee wetu wengine bado ni kitu cha watoto. Pombe sema wazi. Usijidanganye kwamba motoni imeisha yote, haiishi yote, na ile ya kunyweshea baadaye haijaona moto kabisa, kwahiyo kwa Mwislamu, kwa mlokole, kwa mjamzito na watoto wadogo peleka ile ya juisi na uandike kwa kalamu juu ya kifurushi.

Ya kusafiri kwenda Dar acha kwenye karatasi yake na foili, kaza kwenye boksi dogo kwa magazeti isicheze, na iende juu na abiria. Kule chini kwenye buti msimu wa sikukuu kuna magunia ya viazi na mchele wa Kyela, na kondakta hana habari na keki yako. Kama hakuna mtu unayemfahamu anayesafiri, itume mapema kabla ya tarehe 18 hivi, maana baada ya hapo ofisi za mabasi mizigo inalala. Na mpigie mpokeaji umwambie asiifungue akaanza kuikata mnene kama mkate, kisu kikali, vipande vyembamba, na asiitupe ile inayobaki Januari akidhani imelala.