Kotegaeshi: anza na miguu, kifundo kitafuata

Jioni moja katika ukumbi tunaofanyia mazoezi ya aikido, sanaa ya kujihami ya Kijapani, hapa Kondele, Kisumu, mvuvi mmoja wa Dunga alininyooshea mkono wa kulia: "Mwalimu, nipinde." Nikajaribu kwa nguvu makusudi, wenzake waone. Hakutikisika. Mkono uliozoea kuvuta nyavu haupindiki kwa mkono. Nikarudia kwa kutumia miguu, akaenda chini.

Kotegaeshi ni mbinu ya kumwangusha mtu kwa kukikunja kifundo cha mkono wake. Basi anza na miguu. Mwenzako anakurushia ngumi ya kulia tumboni. Usirudi nyuma. Peleka mguu wa kushoto mbele, upande wa nje wa mkono wake, kisha geuka hadi nyote mtazame upande mmoja. Mgeuko huo ndio tenkan. Unapogeuka, kiganja chako cha kushoto kinateleza juu ya mkono wake hadi kwenye kifundo. Dole gumba lako likae mgongoni mwa kiganja chake, penye mizizi ya kidole cha pete na kidole cha mwisho. Vidole vingine vishike nyama iliyo chini ya dole gumba lake. Shika kama unavyomshika mtoto mkivuka barabara: hachomoki, wala haumii.

Ngumi yake bado ina mwendo, usiuzime. Rudisha mguu wa kushoto nyuma, weka kiganja cha kulia juu ya vidole vyake, uvikunje kwa nje vielekee kwenye mkono wake mwenyewe, kisha chini. Mikono yako isitoke mbele ya kitovu chako. Hapo ndipo wengi huharibu: wanakisokota kifundo pembeni, kiungo kinaumia na mtu bado amesimama. Nilipokuwa mwanafunzi nilifanyiwa hivyo, nikakaa wiki 2 siwezi kufinya ugali.

Akishaanguka, shika kiwiko chake, zunguka kichwa chake, ageuke kifudifudi.

Akikaza na kuuvuta mkono, usishindane naye. Achia kifundo, ingia nyuma ya bega lake, umwangushe kwa iriminage, yaani mtupo wa kuingia. Morihei Ueshiba, mwasisi wa aikido, alijifunza Daito-ryu, mtindo wa mapigano wa Kijapani, kwa mwalimu Sokaku Takeda, na kufuli nyingi za viungo zimetoka huko. Lakini mimi naipenda zaidi njia hii ya kubadilisha mbinu badala ya kulazimisha.

Mwenzako akipiga mkeka, achia papo hapo. Na asiyejua kuanguka asitupwe. Achuchumae, akunje kidevu kifuani, abingirike mgongoni polepole, tena na tena. Yule mvuvi alikuwa amefanya hivyo mwezi mzima kabla ya kuninyooshea mkono.