Umesikia kitabu kimefungiwa? Fanya hivi kabla hujafowadi

Ikitoka tu habari kwamba kitabu fulani kimefungiwa, magrupu ya wazazi yanawaka moto, nusu wanashangilia nusu wanatukana, na ukiuliza nani kakisoma hapo, kimya. Hata tangazo lenyewe hakuna aliyeliona, kila mtu ana skrinshoti. Sasa kama wewe ni mzazi, mwalimu, au una kamaktaba kako mtaani, nakuwekea hapa namna ya kwenda nalo hili bila kupaniki na bila kujitafutia kesi. Naongelea zaidi Tanzania Bara, Kenya nitaigusa kidogo.

Tafuta tangazo lenyewe. Ukilipata angalia nani kalitoa, kazuia wapi, na kwa sababu gani. Watu wengi wanapotea hapa hapa. Kumbuka Februari 2023, Waziri wa Elimu Prof. Adolf Mkenda alipotangaza vitabu 16 kupigwa marufuku, ikiwemo ule mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ambao watoto wa shule za Kiingereza walikuwa wanabadilishana kama karanga. Sababu ilikuwa kwamba vinakwenda kinyume na mila na desturi zetu. Mitandaoni ikawa "Tanzania yafungia vitabu", basi, lakini lile lilikuwa katazo la mashuleni, za serikali na za binafsi.

Hiyo ni ngazi moja. Kuna ngazi nzito zaidi, ile ambayo waziri anatumia Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 kuzuia chapisho lisiingizwe nchini kabisa. Hapo usicheze, manake kukutwa nalo tu kunaweza kuwa kosa, kwa hiyo kabla hujaagiza kitabu cha namna hiyo kutoka nje muone mwanasheria. Halafu kuna ngazi nyepesi ambayo watu wanaichanganya kila siku: kitabu hakina ithibati ya Taasisi ya Elimu. Hicho hakijafungiwa jamani, hakijaruhusiwa tu kufundishia darasani, nyumbani soma mpaka uchoke.

Na ya mwisho ndo mbaya kuliko zote kwa maoni yangu, kwa sababu haina tangazo wala tarehe. Mzazi mmoja kalalamika, mkuu wa shule kaogopa, kitabu kimetolewa shelfuni kikawekwa stoo na hakuna aliyeandika popote. Hiyo huwezi kuikatia rufaa mpaka kwanza uilazimishe iwe kwenye karatasi, nitafika huko.

Kisome. Chote, sio ile kurasa moja inayozunguka WhatsApp. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, ikazuiwa mashuleni kwa sababu ya mambo ya ngono na utoaji mimba, na ukichukua kurasa zake tatu ukazipiga picha unaweza kweli kumtisha mtu. Ukisoma yote unakutana na baba anayemchunga binti kwa fimbo mpaka binti hajui kujichunga mwenyewe, na unaona mwisho wake ulivyo mchungu. Baadaye kitabu hicho hicho kikaingia kwenye orodha ya kusomwa sekondari. Kitabu ni kile kile, neno halikubadilika. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "hiki hakifai milele", mkumbushe hiyo.

Ukimaliza kusoma unaweza kukubaliana na waliokizuia, sio dhambi. Mimi mwenyewe sioni tatizo shule ikisema hiki sio cha darasa la tatu. Tatizo langu ni pale mtu anaposema hakifai kwa mtoto wake na hapo hapo anataka kisiwepo kwa wa kwangu, tena bila kukifungua.

Uliza kwa maandishi. Simu haisaidii, kesho atakwambia hakusema. Katiba ibara ya 18 inakupa haki ya kutafuta na kupokea habari, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 30. Barua iwe fupi, ya heshima, bila hasira, kitu kama hiki:

"Mheshimiwa Mkuu wa Shule, mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha pili. Nimeelezwa kuwa kitabu (jina) kimeondolewa maktaba. Naomba kufahamishwa: nani aliagiza kiondolewe, kwa waraka au maelekezo yapi, na kwa sababu gani. Naomba pia nakala ya maelekezo hayo."

Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri na tarehe ya kupokelewa ubaki nayo. Ile tarehe ndo inaanza kuhesabu siku. Wakikunyima, unaomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi, kisha ndo unapanda juu. Shule binafsi ni ngoma nyingine kidogo, huko pitia kikao cha wazazi, ila barua andika tu. Wenzetu wa Kenya mna ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 na sheria yenu ya 2016, siku ni 21, na wakigoma mnakwenda kwa Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Kama unaendesha maktaba, jiandae kabla moto haujawaka. Andika karatasi moja tu inayosema vitabu vinachaguliwaje, shelfu za watoto zinaishia umri gani, na malalamiko yanapokelewaje. Mlalamikaji apewe fomu: jina la kitabu, umekisoma chote? ukurasa gani umekukera? unataka kifanyweje? Utashangaa wangapi wataishia kwenye swali la pili. Na kitabu kibaki shelfuni mpaka kamati ya watu kama watatu hivi wakisome na wakae, labda kama kuna amri halali ya serikali, hiyo unaitii kwanza huku unaandika barua.

Usisahau maktaba za mikoa za Bodi ya Huduma za Maktaba. Kilichotolewa shuleni sio lazima kiwe kimetolewa huko, nenda kaulize kwenye kaunta.

Mtoto akishakisoma tayari usimfokee wala usimpekue begi kama polisi. Muulize kimehusu nini, kipi kilimchekesha, kipi hakukielewa. Kama kuna kitu kimemzidi umri atakwambia mwenyewe ukimpa nafasi, ukimnyang'anya atakisomea kwa rafiki yake na hatakwambia tena.

Kuhusu PDF. Kitabu kikifungiwa tu, saa hiyo hiyo PDF inatembea, na wengi wanaona kama ni ushujaa. Mwandishi hapati hata senti, na wewe unampa asiyekupenda sababu nyepesi ya kukushika kwa hakimiliki badala ya kubishana na wewe kuhusu kitabu. Nunua nakala halali, weka risiti ndani ya jalada, azimisha kwa mkono na andika kwenye daftari nani kachukua lini, manake vitabu vilivyofungiwa ndo haswa havirudishwagi.