Kubadilisha Ekzosi ya Pikipiki ya Mbio kwa Anayeishi Mbeya

Kabla ya kununua sailensa ya wazi, fikiria kwanza hewa. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa wepesi wa hewa hiyo injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 17 ya nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Pikipiki ya kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani huku hunywa petroli kuliko inavyostahili, ikawa nzito kuitika. Ukiifungia sailensa ya wazi, uwiano wa petroli kwa hewa hupungua, pikipiki inachangamka, na mwenyewe anaamini kuwa bomba limeongeza nguvu, kumbe limerekebisha tu kosa la kabureta. Siku akiteremka kupitia Tukuyu hadi Kyela, kwenye takribani mita 500, hewa inakuwa nzito, petroli haitoshi, na injini inapata joto la kuweza kutoboa pistoni.

Kwa hiyo anza na plagi. Mahali palipo wazi na salama, wala si kwenye barabara kuu yenye malori, endesha kwa resi kubwa kwa muda mfupi, kisha vuta klachi na uzime injini papo hapo. Plagi ikipoa, ifungue uitazame: rangi ya kahawia hafifu ni njema, masizi makavu meusi yanaonyesha petroli imezidi, na weupe kama wa chokaa unaonyesha imepungua.

Badilisha sailensa peke yake, mabomba yanayotoka kwenye silinda uyaache. Urefu na upana wake vimepimwa ili wimbi la moshi lirudi kama mvuto wakati valvu zote mbili zimefunguka kidogo, likisaidia kuingiza hewa mpya. Ukiweka mabomba mapana, mwendo wa moshi hupungua na nguvu ya injini kwenye mizunguko ya kati hupotea, nayo ndiyo unayoihitaji sana unapopanda mlima wa Chunya. Kwa sababu hiyo hiyo, valvu ya EXUP, yaani kilango ndani ya ekzosi kinachobana njia ya moshi injini ikizunguka taratibu, ambayo Yamaha ilianza kuitumia mwaka 1987, naona ni makosa kuing'oa.

Tumia gasketi mpya, kaza nati zote kidogo tu kwanza, ndipo uzimalizie kwa zamu. Washa injini ikiwa baridi na upitishe kiganja karibu na maungio bila kugusa, kwa kuwa tundu dogo huingiza hewa na kuidanganya sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa pikipiki ya injeksheni. Pikipiki ya injeksheni hufidia mwinuko yenyewe, lakini kwa resi kubwa haijui kuwa ekzosi imebadilika, hivyo inahitaji ramani mpya ya mafuta kwenye kompyuta yake.

Kwa kabureta, badilisha jeti kuu, yaani kipande chenye tundu linalopima petroli, hatua moja moja, ukisoma plagi kila mara. Soma tena ukiwa Kyela, na jeti utakayoiacha iwe ile iliyofaa huko, hata kama Mbeya pikipiki itakuwa nzito kidogo.