Namna ya Kujibu Dai la Hataza Dhidi ya Mfumo wa Mafunzo ya Kompyuta

Ukitengeneza programu inayompima mwanafunzi na kumchagulia somo linalomfaa, unaweza kuandikiwa barua na mwenye hataza ya Marekani, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, anayedai kwamba mbinu hiyo ni yake. Usikiri lolote kwa maandishi, wala usifute barua pepe au matoleo ya zamani ya programu, kwani kuharibu ushahidi kunaweza kukuponza hata pale ambapo dai lenyewe ni dhaifu.

Kisha hakikisha kwamba hataza ingali hai. Kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, lakini hukoma mapema mwenyewe asipolipa ada za kuitunza.

Kazi kubwa ni kusoma madai yenye namba yaliyo mwishoni mwa hataza, kwa sababu hayo, wala si muhtasari wa mwanzoni, ndiyo yanayoweka mipaka ya haki. Chukua dai linalojitegemea, yaani lisilorejelea dai jingine, ligawe vipande, na mbele ya kila kipande andika sehemu ya mfumo wako inayolingana nacho. Tuseme dai linataka mfumo upime maarifa ya mwanafunzi, ulinganishe majibu na rekodi yake, kisha upange upya mtaala wote. Ikiwa programu yako huchagua swali linalofuata tu bila kugusa mtaala, kipande cha tatu kimekosekana na utetezi wako una msingi, ingawa mpinzani anaweza kujaribu kudai kwamba mambo hayo mawili ni sawa.

Kesi ya Blackboard dhidi ya Desire2Learn, kampuni mbili za mifumo ya kufundishia mtandaoni, yaonyesha uzito wa maneno hayo. Mwaka 2008 baraza la mahakama huko Texas liliipa Blackboard fidia ya takriban dola milioni 3.1. Blackboard ilishikilia kwamba kiini cha uvumbuzi wake ni mtu kuingia kwenye mfumo mara moja tu, akawa mwalimu katika kozi moja na mwanafunzi katika nyingine. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa iliona kwamba madai hayakutaja sharti hilo la kuingia mara moja, na bila sharti hilo mifumo iliyotangulia ilitosha kuyabatilisha.

Kwa hiyo tafuta mifumo na machapisho yaliyoitangulia hataza, na usiishie kwenye miaka ya karibuni. PLATO, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta, ilianza Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1960, na Jaime Carbonell alieleza SCHOLAR, programu iliyojibizana na mwanafunzi, mwaka 1970. Kusanya makala na miongozo yenye tarehe, kwa kuwa Ofisi ya Hataza ya Marekani, inapoombwa kupitia upya uhalali wa hataza, hupokea hataza na machapisho ya zamani pekee kama msingi wa pingamizi. Ombi hilo lazima liwasilishwe ndani ya mwaka mmoja tangu ukabidhiwe hati ya mashtaka.

Mahakamani una hoja nyingine nzito, inayotokana na uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya kampuni ya Alice dhidi ya CLS Bank mwaka 2014: wazo dhahania haligeuki kuwa uvumbuzi kwa kutekelezwa tu kwenye kompyuta ya kawaida. Mwalimu amekuwa akibadili somo kulingana na majibu ya mwanafunzi tangu zamani, na mwombe wakili wako aiweke hoja hiyo mapema, kabla gharama za kubadilishana ushahidi hazijapanda.