Kurekebisha Kiti Kilichobonyea cha Triumph TR6

Wamiliki wengi wa Triumph TR6, gari la michezo lililoundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1968 na 1976, huniletea viti vyao wakitaka vivishwe ngozi mpya, kwa sababu dereva amezama mno na usukani unaonekana kumpanda kifuani. Mara nyingi ngozi haina kosa lolote. Chini ya sponji ya kukalia kuna utando wa mpira uliovutwa kwa kulabu ndani ya fremu ya chuma, nao ndio unaobeba uzito wa mwili. Ukikauka kwa umri, hupasuka kwenye matundu ya kulabu na sponji ikadidimia. Kwa hiyo, kabla hujanunua ngozi, mulika chini ya kiti kwa tochi uutazame utando huo.

Hatua ya kwanza ni kukitoa kiti. Kisukume nyuma hadi mwisho ili uzifikie bolti za mbele za reli, kisha kivute mbele uzifikie za nyuma. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu tangu usiku uliotangulia, kwa maana bolti ikikatikia sakafuni, kazi ndogo itageuka kazi ya kuchomelea. Kiti kikishatoka, gongagonga sakafu pale bolti zilipopita. Ukikuta kutu imeila, simama hapo na uitengeneze kwanza, kwa kuwa kiti kilichofungwa kwenye bati bovu kinaweza kung'oka siku ya ajali.

Hatua ya pili ni kukivua ngozi. Piga picha kila upande, kisha chomoa vibanio vya chuma vinavyoshika ukingo wa ngozi kwenye fremu na uibandue taratibu palipo na gundi. Ngozi bandia ya zamani hukakamaa na kuchanika, hivyo iache juani kwanza ilainike. Sponji inayomomonyoka kama unga haifai kurudishwa.

Hatua ya tatu ni fremu. Toa kulabu zote pamoja na utando wa zamani, sugua chuma kwa brashi ya waya, kagua kama kuna ufa kwenye maungio, na utumie tupa kulainisha kingo za matundu. Paka rangi ya kuzuia kutu na uiache ikauke kabisa.

Hatua ya nne ndiyo inayowashinda wengi. Utando mpya huonekana mdogo kuliko fremu, na mtu akianza kuufunga kutoka pembe moja kwenda nyingine, upande wa mwisho haufiki kamwe, au hufika ukiwa umepinda. Ufanye kama mtu anayewamba ngoma: uanike juani mpaka upate joto, funga kulabu ya katikati ya upande mmoja, kisha ya katikati ya upande unaoukabili, halafu pande mbili zilizobaki, ndipo uendelee kuelekea pembeni ukibadilishana pande kila mara. Vuta kulabu kwa koleo madhubuti, ukiwa umevaa miwani ya kukinga macho, kwani kulabu ikiponyoka huruka kwa nguvu. Hakikisha ncha zote zinatazama chini, zisije zikaitoboa sponji. Wapo wanaoweka mikanda ya nailoni badala ya mpira. Mimi siikubali njia hiyo, kwa kuwa nailoni hainyumbuki inavyotakiwa na kila shimo la barabara humfikia dereva mgongoni.

Juu ya utando tandaza kipande cha gunia safi ili mpira usisuguane na sponji, kisha weka sponji na uivishe ngozi, ukianza na ukingo wa mbele na kulinganisha mishono kabla ya kurudisha vibanio. Gundi iwe kidogo, pale tu ilipokuwapo mwanzo.

Kabla ya kukirudisha kiti, safisha reli na uzipake grisi nyepesi. Anza bolti zote nne kwa mkono, telezesha kiti mbele na nyuma ili reli zikae sambamba, ndipo ukaze kwa spana. Mwisho kaa kitini, achia wenzo wa kusogezea na ujisukume kwa miguu: kiti kisitikisike hata kidogo. Kikisogea, meno ya kufuli hayajaingia kwenye reli. Legeza bolti, panga reli upya, na usiliendeshe gari mpaka kufuli lishike.